Mmeniuliza sana kuhusu Mongolia, haya sasa

Tangu niweke zile picha za ngamia wa nundu mbili kwa status simu yangu haijapumzika. Wengine wauliza ni wapi, wengine wauliza pesa nilitoa wapi (hao siwajibu), na shangazi yangu wa Kibokoni hapa Mombasa yeye alinitumia voisi ndefuu na ndani yake swali ni moja tu, ati mwanangu, mtu alipe pesa zake akateswe na baridi, kwa nini? Shangazi nakushika miguu, swali lako ni zuri na ntalijibu humu humu, ila jibu lenyewe si la mstari mmoja.

Nchi ni Mongolia. Iko katikati ya Urusi na China, bahari hawana kabisa, ukubwa wake wakaribia Kenya tatu na watu wake wote ni kama milioni 3 na nusu, na karibu nusu ya hao wamejibana mji mkuu, Ulaanbaatar. Sasa hebu piga hesabu waliobaki huko nje wana nafasi kiasi gani. Mtu ambaye kila asubuhi asukumana kwa feri ya Likoni hesabu hiyo haimuingii mpaka aione kwa macho. Mwaenda na gari saa nzima, saa ya pili yaingia, hakuna nyumba, hakuna nguzo ya stima, hakuna seng'enge ya shamba la mtu, ni majani mafupi mpaka yakutane na mbingu, na mara moja moja waona kidoa cheupe kwa mbali, hilo ni hema la mfugaji, na kundi la farasi hawana mtu. Mwanzo niliogopa wallahi, kila saa nahisi tumepotea.

Mie na kakangu tulijiunga na kikundi kidogo cha wageni wa nchi mbali mbali, kwa ile likizo wanayoiita ya michezo mingi, yaani ndani ya safari moja wapanda farasi, waendesha baiskeli, wapiga kasia kwa kayaki, wapanda mlima, wapanda ngamia, na usiku ni kulala hemani. Tulianza na nyika, bonde la mto Orkhon, kisha ndege ya ndani mpaka Ölgii magharibi kabisa kwenye milima ya Altai, halafu tukarudi tukashuka kusini jangwa la Gobi. Kutoka Mombasa tulipitia Nairobi kisha Istanbul. Ilikuwa mwezi wa saba, na nawaambia mapema, ukitaka safari ya aina hii nenda kati ya mwezi wa sita na mwanzo wa mwezi wa tisa, manake kipindi cha baridi yafika nyuzi 40 chini ya sufuri, na Ulaanbaatar ndio mji mkuu wenye baridi kushinda miji mikuu yote duniani. Sie hapa kusi ikivuma twavaa sweta na malalamiko juu! Majaketi na mabuti nilichagua mitumba ya Kongowea, na nilikuwa nimejikinga vizuri kushinda wenzangu waliokuja na vya dukani, hilo nalisema kwa kujigamba kabisa.

Tuanze na farasi manake hao ndio nchi yenyewe. Farasi wa Mongolia ni mfupi, ukimwangalia waona kama hajamaliza kukua, lakini ndio hao hao waliowabeba Wamongolia mpaka Ulaya karne ya 13, kwa hivo usimdharau. Wampanda kwa upande wake wa kushoto, wamwambia "chu!" na baada ya hapo yeye ndie aamua. Yule mchungaji aliyetufunza alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni akasema kitu, mwongozaji akacheka ndio akatafsiri, huo mtandio uingize ndani ya jaketi. Kumbe hawa farasi wanaogopa kitu kinachopepea, hata koti la mvua ukilivaa ukiwa juu mgongoni aweza kukurusha, kwa hivo madada wenzangu hijabu iwe ile ya kubana, mashungi marefu yabaki hotelini. Wenyewe wakiwa wakimbia hawakai juu ya tandiko, wasimama wima kwa vikuku vya kutilia miguu kama wako sebuleni. Mie nilikaa. Jioni mapaja yaliwaka moto hata kusujudu nilisujudu kwa awamu.

Tuliwahi pia Naadam, sikukuu yao ya tarehe 11 mpaka 13 Julai, kuna mieleka, kuna mishale, na kuna mbio za farasi ambazo si za kuzunguka uwanja, ni nyika moja kwa moja, nyengine zafika kama kilomita 25, na wanaoendesha ni watoto wadogo. Watoto! Mama zao wamesimama pale kwa mwisho wasubiri vumbi litokee. Sijui kama ningeweza.

Bonde la Orkhon ndio palipokuwa Karakorum, mji mkuu wa ile dola yao kubwa, na leo ukienda mji wenyewe hauuoni, waona monasteri ya Erdene Zuu, iliyojengwa karne ya 16 kwa mawe yaliyochukuliwa kwa magofu ya mji ule ule. Sie tuliokulia kando ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, twajiona tuna historia ya zamani, na kweli tunayo, lakini pale nilisimama nkakaa kimya kwa sababu watu walioitisha kodi kutoka China mpaka Urusi wamebakisha nyasi.

Sasa chakula, na hapa naongea na Waislamu wenzangu hasa. Sehemu kubwa ya Mongolia ni watu wa dini ya Buddha, na vile wanavyochinja kwa desturi si kama sie, mnyama apasuliwa kidogo kifuani, mtu aingiza mkono akate mshipa mkubwa huko ndani, damu isimwagike ardhini. Kwao hiyo ndio heshima kwa mnyama na kwa ardhi, sikuwabishia, lakini kwetu nyama hiyo si halali, na kwa bahati mbaya chakula chao ni nyama na maziwa, maziwa na nyama. Zile sambusa zao za kukaanga wanazoziita khuushuur zilinukia mpaka nikatoka nje. Kwa hivo nyika nzima nilikula wali, viazi, mayai na tuna ya mkebe niliyobeba kutoka nyumbani pamoja na chupa ya achari ya embe, na ile achari wallahi iliisha kwa sababu ya wenzangu Wazungu, walionja mara moja ikawa ndio hivo.

Na kuna airag. Hii ni maziwa ya farasi jike, yatiwa ndani ya mfuko wa ngozi ya ng'ombe karibu na mlango wa hema, na kila anayeingia au kutoka ayakoroga mpaka yachachuke, yana kilevi kidogo lakini kilevi ni kilevi. Mgeni akiingia bakuli laja. Mwongozaji alitupanga mapema, usilikatae kwa mdomo wala kwa mkono wa kushoto, lipokee kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, shukuru, kisha lirudishe kwa heshima, hakuna atakayekasirika. Na kweli hakuna aliyekasirika. Nilipewa chai badala yake, nikafurahi, nikapiga fundo moja kubwa. Ina chumvi. Si sukari, si iliki, si tangawizi, ni chumvi na maziwa, suutei tsai waiita, na mwenye nyumba akitazama uso wangu alicheka mpaka akashika mbavu.

Hayo mahema yao ya duara, ger, ni mbao zimesukwa kama wavu na juu yake sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, mlango waelekea kusini, jiko katikati, na familia yaweza kulibomoa na kulisimamisha pengine ndani ya masaa machache wakihama. Ukifika hubishi hodi, wapaza sauti ukiwa mbali wamshike mbwa, manake mbwa wenyewe si wa mchezo. Ukiingia usikanyage kizingiti, elekea kushoto, usinyooshe miguu upande wa jiko. Mengi katika haya mtu aliyelelewa na bibi wa Mji wa Kale hahitaji kufunzwa, ni kubadilisha tu vitu viwili vitatu.

Ölgii sasa. Hapa ndipo roho yangu ilibaki.

Mkoa wa Bayan-Ölgii karibu watu tisa kati ya kumi ni Wakazakhi, na Wakazakhi ni Waislamu. Tumeshuka kwa ndege, upepo wakata masikio, mzee mmoja wa kofia atutazama mie na kakangu, weusi, mie na hijabu, hajui twatoka wapi hajui twaongea nini, akasema assalamu alaykum. Kakangu alimjibu kwa sauti kubwa kama aliyeokota pesa. Msikiti uko mjini pale. Zamani za ukomunisti dini zote zilibanwa vibaya, monasteri zilivunjwa na mashekhe na watawa wengi waliuawa miaka ya 1930, na mpaka 1990 hivi ndio watu wakaanza kuabudu bila kujificha, kwa hivo wazee wao wengi wanajua salamu na dua kuliko kusoma, vijana ndio warudisha. Kitu kimoja kilinichanganya ni kibla. Hapa Mombasa Makka iko kaskazini moja kwa moja, longitudo yetu na yao ni karibu ile ile, kwa hivo mwili wangu washazoea. Kule ni magharibi. Na magharibi yenyewe, swala, yaingia karibu saa tatu usiku, isha waisubiri mpaka macho yauma, kisha alfajiri yaja mbio, yaani usiku wa huko mwezi wa saba ni kipande tu.

Familia moja ya wafugaji ilituandalia beshbarmak, sinia moja kubwa, nyama juu ya tambi pana, watu wazunguka wala kwa mkono. Mie nilikuwa sijala nyama tangu tuanze safari. Pembeni kulikuwa na baursak, vipande vya unga vya kukaanga, ni mahamri yaliyokosa nazi na iliki, nilikula mpaka mama mwenye nyumba akaniongeza bila kuuliza. Kisha kukaja soseji ya nyama ya farasi. Kakangu akanitazama. Sie ni Mashafi, na katika madhehebu ya Shafi farasi ni halali, wao ni Mahanafi, na Abu Hanifa ndie aliyeichukia nyama hiyo, lakini wao ndio wala kwa raha na sie ndio twasitasita! Nilikula kipande. Ni tamu, ina mafuta sana. Kakangu hakula, akasema kesho atampanda huyo huyo, atamtazama vipi usoni. Baada ya kula mzee aliinua mikono akaomba dua, wote tukajipangusa uso, na maneno sikuyaelewa isipokuwa amin.

Huyo mzee ni wa wale wanaowinda na tai. Wengi waja mwezi wa kumi kwa tamasha, sie tulikuta tai amepumzika tu manake kuwinda ni kipindi cha baridi, theluji ikianguka mbweha aonekana. Watumia tai jike kwa sababu ni mkubwa na mkali zaidi, wamchukua angali mdogo, wakaa nae miaka kadhaa kisha wamrudisha porini akazae. Mzee alinivalisha glovu la ngozi akamweka tai mkononi mwangu na ndani ya dakika mbili mkono watetemeka, kilo sita hivi si mchezo ukiwa umenyoosha. Nilimuuliza kupitia mwongozaji kama hulia akimwachilia. Hakujibu, alicheka akamfunika tai kile kikofia cha macho.

Kutoka hapo ni Altai Tavan Bogd, milima ya mpakani ambapo lazima uwe na kibali, na kilele kikubwa Khüiten ni mita 4,374 hivi. Sie tulipanda Malchin, wa pembeni yake, zaidi ya mita 4,000, hauhitaji kamba, wahitaji mapafu tu. Mlima Kenya ni mrefu zaidi najua, msiniambie. Lakini mie ni mtu wa usawa wa bahari, mwinuko wangu mkubwa wa kila wiki ni ngazi za nyumba ya dadangu Tudor, na kambi yenyewe ya kuanzia washakuwa karibu mita 3,000. Mabegi yalibebwa na ngamia, sie tulibebwa na dua. Nilipanda hatua kumi nasimama, hatua kumi nasimama, mawe yateleza, na huko juu mpaka wa Urusi upo pale pale uliposimama, chini yako mto wa barafu wa Potanin, mkubwa kuliko yote Mongolia, mweupe una mistari mieusi, na wenyeji wasema kila mwaka warudi nyuma.

Kayaki kwenye ziwa Khoton ilikuwa nzuri na maji ni baridi ya kukata pumzi, sina zaidi. Baiskeli, hapana. Baiskeli ile siku iliwekwa kujaza ratiba, upepo wa uso, vumbi, na kila tukipita hema watu watoka watuita chai sie twapunga mkono twaendelea kwa sababu ati kuna kilomita za kumaliza. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika na hii biashara. Hizi kampuni zauza michezo mingi kwa sababu mtu aliye ofisini akisoma orodha ndefu aona pesa zake zimefanya kazi, lakini nchi kama hii michezo ni kisingizio cha kukufikisha. Shangazi, jibu lako ndilo hili: hakuna anayelipa ateswe. Twalipa dereva anayejua njia pasipo na barabara, na twalipa mtu wa kutuombea nafasi ndani ya nyumba za watu. Baridi ni nauli ya ziada. Na ningeambiwa nipange mwenyewe ningetoa baiskeli, ningetoa na siku moja ya kayaki, hizo siku zote niwape Wakazakhi na wale wa Gobi.

Gobi twende basi. Gari ni zile gari za Kirusi za mbele bapa, UAZ, umbo lake halijabadilika sana tangu miaka ya 1960, dereva ailaza ubavuni mwa kilima aitengeneza kwa waya na spana mbili huku avuta sigara. Kila tukipita rundo la mawe lenye vitambaa vya buluu, ovoo, desturi ni kuzunguka mara tatu, na ukiwa na haraka wapiga honi mara tatu. Dereva alipiga honi, kila mtu na dini yake, safari ikaendelea.

Wengi wafikiri Gobi ni mchanga mtupu. Mchanga ni sehemu ndogo tu, nyengine yote ni changarawe, mawe na vichaka vikavu. Kuna bonde laitwa Yolyn Am ambapo barafu yakaa kwenye kivuli cha korongo mpaka ndani ya mwezi wa saba, jangwani hapo hapo. Kuna Bayanzag, majabali mekundu, ambapo mwaka 1923 watu wa makumbusho ya New York wakiongozwa na Roy Chapman Andrews walikuta mayai ya dinosaria. Karibu na mayai hayo kulikuwa na mifupa ya mnyama mwengine, wakampa jina la mwizi wa mayai, Oviraptor. Akakaa na jina hilo miaka na miaka, mpaka miaka ya 1990 walipokuta mayai kama hayo na kijusi ndani yake na watu wazima wa jamii hiyo wamelalia viota, kumbe yalikuwa mayai yao wenyewe! Mtu asingiziwa wizi kwa nyumba yake, na jina hawakulibadilisha.

Mchanga wenyewe uko Khongoryn Els, milima ya mchanga mengine yapita mita 200. Wapanda kwa mikono na miguu, hatua tatu mbele mbili nyuma, na ukifika juu ukiteleza kwa makalio mchanga wanguruma. Sizidishi. Chembe zikiwa kavu zikisuguana zikishuka pamoja zatoa mlio mzito unausikia mpaka kifuani. Ngamia wao wa nundu mbili ni raha kushinda wale wetu wa ufuo wa Pirates, wakaa katikati ya nundu huna haja ya kushikilia roho, na kiangazi manyoya yawatoka vipande vipande waonekana kama wamevaa nguo za kuazima. Ngamia wa porini kabisa, wale hawajafugwa, wamebaki chini ya elfu moja duniani, Mongolia na China basi.

Mwenye ngamia wetu alituambia habari za dzud, ule msimu wa baridi ambapo theluji yaganda juu ya majani na mifugo yashindwa kuyafikia. Ile ya 2023 kuingia 2024 iliua zaidi ya mifugo milioni 7 nchi nzima. Yeye alipoteza karibu mbuzi wake wote, akabaki na ngamia. Kakangu akamwambia kwetu ni kinyume, kwetu yaua jua, akamueleza ule ukame wa Marsabit na Tana River mpaka 2023, mizoga kando ya barabara. Mzee akauliza kule kwenu mfugaji akipoteza wote aenda wapi. Kakangu akasema aenda mjini. Mzee akasema na hapa. Ulaanbaatar yote imezungukwa na mahema ya watu hao, vilima kwa vilima.

Mambo ya mwilini sasa, dada zangu mmeniuliza inboksi kwa aibu, wacha nijibu wazi. Choo ni nyika, na nyika haina kichaka. Beba leso mbili. Leso niliishika kama pazia, niliswalia, nilijifunga uso vumbi likija, nilijifutia, na moja nilimwachia yule mama wa Ölgii aliyeniongeza baursak, akaitundika ukutani pamoja na mapambo yake ya kudarizi, maandishi juu chini lakini haidhuru. Mafuta ya kujipaka beba mengi, ngozi yapasuka. Pesa taslimu toa mjini, huko nje hakuna mashine. Intaneti sahau.

Na kwa wale mlioandika ati hiyo si ya mfuko wetu, sikilizeni, tiketi ya ndege peke yake ni pesa nyingi, sitadanganya. Lakini jangwa la Chalbi liko hapa hapa Kenya. Lami sasa yafika Marsabit mpaka Moyale, kutoka Marsabit watafuta gari imara na dereva mwenyeji mwashuka Kalacha na North Horr, jangwa lililokuwa ziwa zamani, Wagabra na ngamia wao wa nundu moja, kisha Loiyangalani ziwa Turkana. Msiende mwezi wa nne wala wa kumi na moja, mvua ikipiga Chalbi yageuka tope na gari halitoki. Na mkifika ziwani hema lifungeni kwa mawe, vigingi havitoshi, ule upepo wa usiku hauna adabu.